Bibi Elion na Mtego wa Virusi

Kisa changu na marehemu Bibi Gertrude Elion kilianzia jichoni mwa paka. Paka wangu wa kike, niliyemlea tangu hawezi kuruka kizingiti, aliamka siku moja jicho la kushoto limefumba, tongo limeganda kwenye kope na kamasi zinamchuruzika. Sisi watu wa pwani, msomaji, tumelelewa na paka. Chuoni tulisomeshwa habari za Sahaba Abu Huraira, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, aliyepewa lakabu hiyo kwa ajili ya kipaka chake, na habari za yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka mpaka akafa njaa. Basi sikuweza kumwacha hivi hivi. Tabibu wa wanyama alimtia dawa ya rangi jichoni, akanionyesha michirizi yenye matawi mfano wa mti juu ya kioo cha jicho. Ni herpesi ya paka, akasema, na isipotibiwa huweza kuacha chamba. Mimi nikajitia ujuzi: nyumbani mlikuwa na vidonge vya asikloviri vya ndugu yangu aliyeugua mkanda wa jeshi, nikasema nitamsagia nusu. Tabibu alinikataza kwa ukali. Hapo ndipo nilipotaka kujua dawa hiyo ilitoka kwa nani.

Gertrude Elion alizaliwa New York tarehe 23 Januari 1918. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka ulaya ya mashariki, na baba yake alikuwa tabibu wa meno. Mwaka 1929 masoko ya hisa yalipoanguka, baba alifilisika. Binti alipofika miaka 15, babu yake aliyempenda mno alikufa kwa saratani ya tumbo, naye akaazimia kusoma kemia ili aipige vita maradhi hiyo. Ilikuwa bahati kwamba Hunter College ilisomesha wasichana waliofaulu bila ya karo, akamaliza hapo mwaka 1937 akiwa na miaka 19.

Elimu akawa nayo, kazi hakuna. Maabara moja ilimnyima nafasi kwa hoja kwamba msichana angewashughulisha wanaume wasifanye kazi. Alikubali kufanya kazi bila ya mshahara, baadaye akalipwa dola 20 kwa wiki. Mchana akisomesha shule, usiku akitafuta shahada yake ya pili, aliyoipata mwaka 1941. Mwaka huo huo mchumba wake alikufa kwa ambukizo la moyo, maradhi ambayo penisilini ingekuja kuyatibu miaka michache tu baadaye. Hakuolewa tena na yeyote, wala hakuchumbiwa.

Vita vilipowachukua wanaume, milango ikafunguka kidogo. Kwanza alipewa kazi ya kupima ukali wa achari na rangi ya viini vya mayai. Mwaka 1944 akaingia katika kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, chini ya Bwana George Hitchings. Alianza pia masomo ya udaktari wa falsafa usiku, akaambiwa achague: masomo ya mchana kutwa au kazi. Alichagua kazi. Vyuo vikuu vilivyokuja kumtunuku shahada za heshima baadaye vilikuwa vingi.

Njia yao ilikuwa hii. Kila chembe hai, ili izaliane, huhitaji mawe ya kujengea asili yake. Mpe adui jiwe bandia linalofanana na la kweli, naye atalitia ukutani, na ujenzi utakwama hapo hapo. Kwa njia hiyo Bibi Elion alipata merkaptopurini, iliyoidhinishwa mwaka 1953 kwa watoto wenye saratani ya damu. Watoto waliokuwa wakifa kwa miezi michache walinyanyuka wakacheza. Kisha maradhi yakarudi, maana saratani ilikwisha kuizoea dawa. Jambo hilo lilimuumiza sana. Ilibidi dawa kadhaa zichanganywe ndipo watoto wengi wakapona. Maabara hiyo hiyo ilitoa azathioprini, iliyowezesha figo ya mtu kupandikizwa kwa mwingine asiye nduguye, na alopurinoli ya jongo. Ilitoa pia pirimethamini, ambayo sisi twaijua ndani ya Fansidar. Kenya iliifanya Fansidar kuwa tiba ya kwanza ya malaria mwaka 1998, na kufikia mwaka 2004 vimelea vilikwisha kuishinda, ikabidi sera ibadilishwe.

Mtego wake mzuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni asikloviri, iliyotangazwa mwaka 1978. Dawa ya macho ya kabla yake, idoksuridini, haikubagua: ilipiga virusi na chembe za mwenye jicho pamoja, kwa hivyo haikumezeka. Asikloviri huingia mwilini imelala. Kimeng'enya cha kirusi chenyewe ndicho huiamsha, na ikisha kuamka humuua aliyeiamsha. Chembe nzima isiyo na kirusi hupona. Lakini kirusi kikibadilika, kikaacha kutengeneza kimeng'enya hicho au kikakitengeneza kwa umbo jingine, dawa hulala moja kwa moja. Hayo huonekana hasa kwa wagonjwa ambao kinga yao imedhoofika.

Na paka? Kirusi cha paka hakikuhitaji hata kujifunza. Kimeng'enya chake tangu hapo huiamsha asikloviri kwa shida mno, na kiasi cha kutosha kuiamsha hudhuru uboho wa paka. Valasikloviri, binamu yake, yaweza kumuua kabisa. Ndiyo maana siku hizi matabibu humpa paka famsikloviri, au matone ya jichoni, ikiwemo ile idoksuridini ya zamani. Kumbe nusu kidonge changu kingekuwa sumu.

Bibi Elion alistaafu mwaka 1983. Wale aliowafunza walitumia njia yake kuonyesha kuwa AZT hupinga virusi vya ukimwi, ikaidhinishwa mwaka 1987. Mwaka 1988 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Hitchings na James Black wa Uingereza. Alifariki Chapel Hill, North Carolina, tarehe 21 Februari 1999, akiwa na miaka 81.

Paka wangu alitiwa matone mara tano kwa siku, mimi nikishika miguu na mke wangu akishika kichwa, na mikwaruzo ingali mkononi mwangu. Jicho lilifunguka. Tabibu alisema kirusi hakiondoki, hujificha kwenye mshipa wa fahamu umri wote na hurudi mnyama akipata taabu. Tulipokuwa tukipaka nyumba chokaa kwa ajili ya Idi, vyombo vimetolewa nje na mafundi wanapiga kelele, nilimkuta uvunguni jicho la kushoto limefumba tena.