Che Guevara: mtu aliyeitwa Tatu katika milima ya Fizi

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1965, Wakuba 14 waliotoka Kigoma walivuka Ziwa Tanganyika na kushuka Kibamba, kando ya ziwa upande wa Fizi. Majina yao yalitoka kwenye hesabu ya Kiswahili. Victor Dreke, mkubwa wao mbele ya watu, aliitwa Moja. Aliyemfuata aliitwa Mbili. Mzungu mmoja mwenye pumu, aliyetambulishwa kama daktari na mkalimani wa Kifaransa, aliitwa Tatu. Wapiganaji wengi hawakujua kwamba mkubwa wa kweli ni huyo.

Ernesto Guevara alizaliwa Rosario, Argentina, mwaka 1928, akamaliza udaktari 1953. Jina la Che alipewa na Wakuba, kwa sababu Waargentina hulitumia neno hilo kumwita mtu, kama sisi tunavyosema we! Asili yake inabishaniwa hadi leo. Kwa Wamapuche, wenyeji wa Amerika Kusini, che ni mtu; kwa Waguarani ni mimi.

Huku Fizi kijana Freddy Ilanga aliwekwa kumfundisha Kiswahili. Neno dawa pekee lilikuwa somo zito: Tatu alitibu wagonjwa kwa dawa ya hospitali, lakini wapiganaji walitegemea dawa ya muganga, ile ya kuzuia risasi. Neno lingine lilimuudhi zaidi. Wapiganaji walipoambiwa wabebe mizigo milimani, walijibu kwamba wao si motokari. Baadaye wakabadili jibu: wao si Wakuba. Maana yake ni kwamba wageni ndio waliokuwa wakibeba.

Tatu mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakujitahidi vya kutosha kujifunza Kiswahili. Kifaransa kilimtosha kusema na wakubwa, nacho kilimweka mbali na raia na askari wa kawaida. Kati ya sababu zote za kushindwa kwake huku kwetu, hii haitajwi sana, ingawa kwa maoni yetu ina uzito.

Aliondoka kwa njia ya ziwa mwezi wa 11 mwaka huohuo. Tarehe 9 Oktoba 1967 aliuawa Bolivia.

Ilanga alipelekwa Kuba, akajifunza Kihispania, akawa daktari wa ubongo, akaishi huko miaka mingi.