Thomas Lipton na bendera aliyonyimwa

Jina Lipton tumelizoea kwenye pakiti ya chai, lakini mwenye jina hilo alikuwa pia mtu wa bahari. Kilichomsumbua kwa miaka mingi ni bendera.

Thomas Lipton alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1848. Wazazi wake walikuwa watu maskini waliotoka kaskazini mwa Ireland, wakaendesha kiduka kidogo cha vyakula. Akiwa kijana alivuka bahari hadi Marekani, akafanya vibarua mashambani, kisha kazi ya duka New York. Alirudi nyumbani, na mwaka 1871 akafungua duka lake la kwanza. Maduka yakazaana. Mwaka 1890 alinunua mashamba ya chai Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, akawa tajiri mkubwa.

Utajiri ulimrudisha baharini. Alitaka kuwania Kombe la Amerika, shindano kubwa la mashua za matanga. Sheria ya kombe hilo haimruhusu mtu binafsi kutoa changamoto. Lazima asimame nyuma ya klabu. Klabu yenye heshima kuliko zote Uingereza ilikuwa Royal Yacht Squadron. Tangu 1829 wanachama wake wana ruhusa ya kupeperusha bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu, ileile ya jeshi la majini. Ukiiona kwenye mlingoti wa mashua ya starehe, unajua mwenyewe ni nani.

Lipton hakupewa nafasi hiyo. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1898, na Mfalme Edward wa 7 alikuwa rafiki yake, lakini kwa mabwana wa klabu ile alibaki muuza duka.

Akaenda Royal Ulster, klabu ya kaskazini mwa Ireland, kwa asili ya wazazi wake. Nembo yake ni mkono mwekundu wa Ulster. Mashua zake zote tano aliziita Shamrock, jina la jani dogo la sehemu tatu ambalo ni alama ya Ireland. Alishindana mwaka 1899, 1901, 1903, 1920 na 1930. Mara zote tano alishindwa. Mwaka 1920 alishinda mbio mbili za mwanzo, akabakiza moja tu, kisha akapoteza tatu mfululizo.

Hakununa wala hakulaumu. Wamarekani walimpenda hivi kwamba baada ya 1930 walichangishana, wengine dola moja moja, wakamtengenezea kikombe cha dhahabu.

Royal Yacht Squadron ilimfungulia mlango mwaka 1931, akiwa na zaidi ya miaka 80. Mwaka huohuo, tarehe 2 Oktoba, alifariki. Bendera nyeupe ilimfikia safari ikiwa imekwisha.

Sisi wa pwani tunajua nahodha hupimwa kwa bahari aliyoivuka. Heshima ya Lipton aliipata chini ya mkono mwekundu, kwa watu waliomshinda.