Ernst Wertheim: daktari aliyehesabu mpaka wagonjwa waliomfia

Tarehe 16 Novemba 1898, katika mji wa Vienna, mji mkuu wa Austria, daktari mmoja mwenye miaka 34 alipasua tumbo la mama aliyekuwa na kanseri ya mlango wa kizazi. Hakutoa kizazi peke yake. Alitoa pia nyama zenye kukishikilia kizazi kulia na kushoto, sehemu ya juu ya uke, na tezi zenye alikuta zimevimba ndani ya nyonga. Daktari huyo aliitwa Ernst Wertheim. Mpaka leo, waganga wengi waliosomea kazi yao kwa Kifaransa wanaitaja operesheni hiyo kwa jina lake tu, bila kuongeza neno lingine.

Si yeye aliyefungua njia ya kwanza. Miaka 20 mbele yake, mwaka 1878, Wilhelm Alexander Freund alikuwa amekwisha kutoa kizazi chote chenye kanseri kwa kupitia tumbo. Lakini wagonjwa wengi walikufa, na wapasuaji wengi wakaogopa njia hiyo, wakarudilia kupitia chini, ndani ya uke. Kupitia chini, mama alikuwa na nafasi kubwa ya kutoka mezani akiwa mzima. Shida ilikuja kisha miezi: kanseri ilirudi, kwani ilikuwa imekwisha kuingia katika nyama za pembeni zenye kisu hakikuzifikia. Kule Marekani, John Clark na Emil Ries walikuwa wanasema tangu mwaka 1895 kwamba inafaa kukata mbali zaidi. Wertheim ndiye aliyeifanya kuwa kazi ya kila siku.

Alizaliwa tarehe 21 Februari 1864 katika mji wa Graz, baba yake akiwa profesa wa kemia. Alimaliza masomo ya udaktari hapo hapo Graz mwaka 1888. Kisha alifanya kazi Prague chini ya profesa Friedrich Schauta, na Schauta alipoitwa kwenda Vienna mwaka 1891, kijana akamfuata. Jina lake lilianza kujulikana kwa ugonjwa mwingine kabisa: alionyesha kwamba mikrobi ya kisonono haibaki chini, inapanda mpaka kwenye mirija ya kizazi na ndani ya tumbo. Mwaka 1897 akapewa kuongoza huduma ya wamama katika hospitali ya Elisabeth, na hapo akawa na nafasi ya kujaribu mambo yake mwenyewe.

Ugumu wa operesheni hiyo uko pahali padogo sana. Pembeni ya mlango wa kizazi kunapita mirija miwili myembamba inayotoa mikojo kwenye figo na kuipeleka kwenye kibofu. Mpasuaji akikata karibu na kizazi, anaacha kanseri. Akikata mbali bila kuangalia, anakata mrija, na mama anabaki anavuja mikojo ao anakufa. Wertheim alianza kwa kuutafuta kila mrija, kuufunua na kuusogeza pembeni, kisha ndipo akate. Alitengeneza pia koleo zilizopindika, za kuufunga uke chini ya kanseri mbele ya kuukata, ili uchafu wa kidonda usimwangike ndani ya tumbo. Koleo hizo nazo zina jina lake.

Na bado, wamama walikufa. Kati ya 29 wa kwanza, zaidi ya mmoja kwa kila watatu hakupona operesheni. Tukumbuke wakati ule ulikuwa namna gani: antibiotike hazikuwako, na tumbo likishika mikrobi hakukuwa dawa. Kuongezea mgonjwa damu kulikuwa hatari kubwa, kwani Karl Landsteiner, naye wa Vienna, alieleza makundi ya damu mwaka 1901 tu. Mama aliyemwaga damu nyingi mezani alikuwa na nguvu za mwili wake peke yake.

Daktari mwingine angeficha hesabu kama hiyo. Wertheim aliichapisha mwaka 1900, wafu wakiwemo, na akaendelea kuchapisha kadiri wagonjwa walivyoongezeka. Wamama waliorudi nyumbani nao aliwafuatilia miaka na miaka, kwa kuwa kwake kupona hakukuwa kutoka hospitali, kulikuwa kuishi miaka mitano bila ugonjwa kurudi. Nyama alizotoa hazikutupwa. Zilikatwa vipande vyembamba na kuangaliwa kwa mikroskopu, ili kujua kanseri ilikuwa imefika wapi. Mara nyingine jicho lilidanganya: nyama iliyoonekana nzuri ilikuwa na kanseri, na ile ngumu, yenye kutisha, haikuwa nayo.

Mikroskopu ilionyesha pia jambo lenye wamama wa huku wanalijua vizuri. Wengi walifika hospitali wakiwa wamechelewa. Damu ilitoka nje ya siku zake, ao kisha kulala na bwana, haikuuma, basi mama akangoja. Wakati maumivu yalianza, kanseri ilikuwa imekwisha kutembea. Kuna wengi ambao Wertheim aliwapima na hakuwapasua, juu hakukuwa tena kitu cha kutoa.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa mtu wa karibu sana: Schauta mwenyewe, mwalimu wake. Mwaka 1901 Schauta alianza operesheni yake, pana vilevile, lakini ya kupitia uke. Wagonjwa wake walikufa wachache mezani kuliko wa Wertheim. Wertheim alijibu kwamba kupitia chini huwezi kufikia tezi za nyonga. Wanafunzi wao wakagawanyika, mikutano ya madaktari ikajaa mabishano, katika mji mmoja, kati ya mwalimu na mwanafunzi, kwa miaka mingi. Kusema kweli, ubishi huo ulisaidia wagonjwa: kila mmoja alilazimika kuleta hesabu zake wazi, na mwingine akizichunguza mstari kwa mstari.

Mwaka 1910 Wertheim alipewa kuongoza kliniki ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Vienna. Mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya wagonjwa 500 aliowapasua. Waliokufa kwa operesheni walikuwa sasa chini ya mmoja kwa kila watano wakihesabiwa wote pamoja, na kati ya wale wa mwisho walikuwa wachache zaidi. Mkono ulikuwa umezoea. Schauta alikufa mwaka 1919. Wertheim alimfuata tarehe 15 Februari 1920 kwa ugonjwa wa gripe, siku chache mbele ya kutimiza miaka 56.

Mwezi mmoja tu kisha operesheni yake ya kwanza, Desemba 1898, Pierre na Marie Curie walitangaza kule Paris kwamba wamevumbua radiumu. Kitu hicho ndicho kilikuja kupunguza kazi ya kisu. Kutia radiumu ndani ya kizazi kulichoma kanseri bila kufungua tumbo, na hospitali nyingi za Ulaya zikaacha upasuaji. Sehemu kubwa ya radiumu hiyo ilitoka kwetu: mawe ya Shinkolobwe, kule Katanga, yalichimbwa na Wakongomani, yakapelekwa Ubelgiji, na tangu mwaka 1922 kiwanda cha Olen kilikuwa kinayatoa radiumu.

Operesheni ya Wertheim ilirudi na nguvu katika miaka ya 1940, wakati antibiotike na damu ya kuongezea wagonjwa vilikuwa vimepatikana. Aliyeirudisha ni Joe Vincent Meigs, mpasuaji wa Boston, aliyeongeza kutoa tezi zote za nyonga, hata zile zisizovimba. Mikononi mwake vifo vya mezani vikawa vichache sana. Ndiyo maana katika vitabu vingi imeandikwa kwa majina mawili, Wertheim-Meigs.