WILLIAM WYLER: MTENGENEZA FILAMU ALIYEONYESHA KURUDI KWA ASKARI

Mtu akitajiwa sinema ya vita, mara moja hufikiri milio ya mizinga, ndege zinazowaka moto angani, na mwishowe bendera ya washindi ikipandishwa. Ni filamu chache mno zinazoanza pale milio hiyo inapokoma, zikamfuata askari hadi mlangoni kwake. Iliyo mashuhuri kupita zote katika jamii hiyo ilitolewa Marekani mwaka 1946, na mwongozaji wake alikuwa mwanajeshi aliyerudi kutoka vitani akiwa kiziwi wa sikio moja. Kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni watu wa sare, tumeona vema kuwaletea maisha ya mtu huyo, marehemu William Wyler.

Wyler alizaliwa tarehe 1 Julai, 1902 mjini Mulhouse, katika jimbo la Alsace, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Ujerumani na ambalo baada ya Vita Kuu ya Kwanza lilirudi mikononi mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake, mzaliwa wa Uswisi, alikuwa na duka la nguo mjini humo. Kwa hiyo kijana huyu alikulia mpakani, mahali ambapo watu waliona majeshi yakipita na bendera zikibadilishwa.

Biashara ya baba yake haikumvuta hata kidogo. Kwa bahati, mama yake alikuwa na udugu na Carl Laemmle, tajiri aliyeanzisha kampuni ya filamu ya Universal huko Marekani. Mwaka 1920 tajiri huyo akamchukua kijana, naye akiwa na miaka 18 tu, akampa kazi New York.

Alianza chini

Udugu huo ulimfungulia mlango, lakini haukumpa kiti. Kutoka New York alihamia California, na huko alifanya kazi za mkono: kufagia, kubeba vyombo, kutumwa huku na huko, na kuwapanga watu wa makundi makubwa katika filamu za waongozaji wengine. Mwaka 1925 alipewa ruhusa ya kuongoza filamu fupi fupi za wachunga ng'ombe, ambazo zilitengenezwa haraka na kwa fedha kidogo. Alitengeneza nyingi, na humo ndimo alimojifunza kazi.

Kuanzia mwaka 1936 aliajiriwa na tajiri mwingine, Samuel Goldwyn, na sifa zake zikaenea. Miongoni mwa filamu zake za miaka hiyo ni Wuthering Heights ya mwaka 1939 na The Little Foxes ya mwaka 1941. Katika zote mbili alifanya kazi na mpiga picha hodari, Gregg Toland, aliyejua kuipanga kamera na taa hata mtu aliye karibu na mtu aliye mbali wakaonekana wazi kwa pamoja. Kwa namna hiyo mtazamaji hakulazimishwa kuangalia mahali pamoja, bali aliachiwa achague mwenyewe, kama afanyavyo mtu aliyemo chumbani.

Wachezaji walimwogopa. Kitendo kimoja kidogo, mathalani kushuka ngazi, angeweza kukirudisha mara 30 au 40 bila kueleza kosa lilikuwa wapi. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi. Alingoja tu hadi uigizaji ufe na ukweli uonekane. Wengi walimlaani wakati wa kazi, wakamshukuru siku ya kupokea tuzo.

Meja Wyler angani

Vita vya Pili vilipowaka Ulaya, Wyler, Myahudi mwenye jamaa katika nchi zilizovamiwa, hakuweza kukaa kimya. Mwishoni mwa mwaka 1941 alianza kutengeneza Mrs. Miniver, kisa cha familia ya Kiingereza inayopigwa mabomu. Kazi ilikuwa bado inaendelea Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba mwaka huo, na Marekani ikaingia vitani. Filamu hiyo ilitolewa mwaka 1942, ikapata tuzo sita za Oscar, mojawapo ikiwa ya Wyler kwa uongozaji. Lakini siku ya kutolewa tuzo hizo, mwezi Machi 1943, mwenyewe hakuwapo. Mkewe ndiye aliyempokelea, kwa maana yeye alikwisha kuwa Meja katika Jeshi la Anga la Marekani, naye alikuwa Uingereza.

Huko alipewa kazi ya kupiga picha za ndege za mabomu za B-17 zilizokuwa zikishambulia Ujerumani mchana kweupe. Angeweza kuwatuma vijana wake naye akabaki kambini. Alikataa. Alipanda ndege mwenyewe, akapiga picha kwa kamera ndogo ya mkono katika baridi iliyogandisha mafuta ya mashine, mdomo ukiwa umefungwa kifaa cha hewa. Wakubwa wake waliingiwa na hofu, maana Myahudi aliyetengeneza Mrs. Miniver, kama angeanguka mikononi mwa Wajerumani, mwisho wake ulijulikana. Mmoja wa wasaidizi wake aliuawa ndege aliyopanda ilipotunguliwa. Wyler alitunukiwa Nishani ya Anga, na mwaka 1944 ikatoka filamu yake ya rangi, The Memphis Belle, juu ya ndege iliyomaliza safari 25 za mapigano na watu wake wakarudi kwao.

Hatutaki kumfanya malaika. Mwaka huo huo wa 1944, mjini Washington, alimsikia mfanyakazi wa hoteli akiwatukana Wayahudi, naye akamtandika ngumi akiwa amevaa sare. Jeshi halikuangalia jina lake. Aliandikiwa barua ya karipio. Askari asomaye haya ataelewa hasira ile, na ataelewa pia kwa nini karipio lilitolewa.

Baadaye alipelekwa Italia na Corsica kupiga picha za ndege za P-47. Majeshi ya Ujerumani yaliporudishwa nyuma, alipata nafasi ya kufika Mulhouse, mji aliozaliwa. Mji ulikuwapo, lakini Wayahudi aliowajua utotoni hawakuwapo tena. Mwezi Aprili 1945, vita vikielekea ukingoni, alikuwa ndani ya ndege ya B-25 akipiga picha za pwani ya Italia. Kelele za injini zilikuwa kubwa mno, na aliposhuka hakusikia kitu. Baadaye sikio la kushoto lilipata nafuu kidogo; la kulia halikusikia tena hadi kufa kwake. Alirudi nyumbani akiwa Luteni Kanali, na malipo madogo ya kila mwezi kwa ajili ya ulemavu wake, akiamini kwamba kazi yake ya filamu imekwisha.

Askari watatu

Katika hali hiyo Goldwyn alimpa kisa cha askari watatu wanaorudi katika mji mmoja. Filamu hiyo ni The Best Years of Our Lives. Wyler aliiongoza akiwa amevaa visikilizio vilivyounganishwa na vinasa sauti, ili aweze kuwasikia wachezaji wake.

Kiini cha kisa ni kwamba cheo cha vitani hakimfuati mtu mitaani. Al, aliyekuwa sajini tu, nyumbani ni mtu mkubwa wa benki. Fred, kapteni wa ndege za mabomu mwenye nishani kifuani, kabla ya vita alikuwa mwuza vinywaji baridi na aiskrimu katika duka la dawa, na akirudi hapati kazi nyingine. Homer, baharia, amepoteza mikono yote miwili, na badala yake ana kulabu za chuma. Al anamkopesha askari mwenzake fedha za kununua shamba ingawa hana rehani, na wakubwa wa benki wanamtazama kwa jicho baya. Fred anampiga mteja aliyewadharau waliopigana, na ngumi hiyo inampotezea kazi.

Yako mahali mawili tunayoona yanapita mengine yote. La kwanza ni pale Fred anapoingia katika uwanja wa ndege kuukuu zinazongoja kuvunjwa kuwa vyuma chakavu. Anapanda katika pua ya ndege kama ile aliyopanda vitani, ndege isiyo na injini, anaketi mahali pake pa zamani, na jasho linamtoka. Hakuna adui wala moto, bali kumbukumbu tu. Wyler hakuhitaji kusimuliwa jambo hilo, kwani alikuwa amekaa ndani ya pua za ndege hizo. La pili ni usiku ambao Homer anamwita mchumba wake amwone akivua mikanda ya kulabu zake, ili ajue mapema kwamba zikishavuliwa yeye hawezi hata kufungua mlango. Msichana hakimbii, anamfunga vifungo vya nguo na kumfunika blanketi.

Homer hakuigizwa na mchezaji wa kazi. Alikuwa Harold Russell, askari wa kweli, mwalimu wa milipuko aliyekatika mikono kambini tarehe 6 Juni, 1944. Goldwyn alitaka afundishwe kuigiza. Wyler alikataa, kwa sababu alitaka watu wamwone mtu mwenyewe. Filamu ilipata tuzo saba za Oscar, Wyler akapewa yake ya pili, na Russell akapewa mbili: ya uchezaji, na nyingine ya heshima kwa kuwatia moyo askari wenzake. Wyler alimshauri arudi masomoni, maana sinema haikuwa na nafasi nyingi kwa mtu wa hali yake. Akatii, akasoma, akawa kiongozi wa chama cha askari wastaafu, na kuanzia mwaka 1964 mwenyekiti wa kamati ya Rais ya kuwatafutia kazi watu wenye ulemavu. Alifariki mwaka 2002.

Miaka ya baadaye

Wyler aliendelea na kazi kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1947, wasanii walipoanza kuhojiwa Washington kuhusu siasa zao, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kamati ya kutetea uhuru wa mawazo. Mwaka 1951 alitoa Detective Story, ambayo tungependa kila ofisa wa polisi aione: ni siku moja ndani ya kituo cha New York, na mpelelezi mkali asiyejua kusamehe, hata ukali huo ukamwangamiza mwenyewe. Mwaka 1959 alitoa Ben-Hur, iliyojizolea tuzo 11, pamoja na ya tatu kwake yeye. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Julai, 1981, akiwa na umri wa miaka 79.

Filamu yake ya mwaka 1946 ilihusu mji wa Marekani, lakini wakati huo huo askari wa King's African Rifles, wale waliojulikana kwa jina la Keya, nao walikuwa wakirejea vijijini Afrika Mashariki kutoka Burma, wengine na majeraha, wengine na ujuzi ambao hakuna aliyeuhitaji. Hao hawakutengenezewa filamu kama ile. Jeshi humfundisha kijana kwa miezi mingi namna ya kwenda vitani. Namna ya kurudi huachiwa yeye, mkewe, na majirani. Wyler aliliona pengo hilo, akaliweka mbele ya macho ya watu wote, hata wale ambao hawakuvaa sare maishani mwao wakajua kwamba wana deni.