Mufalme Haile Selassie na Katiba ya Ethiopia

Wanafunzi wenzangu, Ethiopia ni inchi ya zamani sana. Mufalme Ezana wa Aksum alikuwa Mukristo tangu miaka ya 300, na kwa muda mrefu watu waliamuliwa kwa kitabu cha Fetha Nagast, ni kusema sheria ya wafalme. Lakini Wazungu wengi walisema inchi ile haijastaarabika, maana kulikuwa watumwa.

Tafari Makonnen, aliyezaliwa tarehe 23/7/1892 upande wa Harar, alijua maneno hayo. Mwaka 1923, akiwa mushika-madaraka, aliingiza Ethiopia katika S.D.N. kule Geneva. Tarehe 2/11/1930 akavikwa taji, akaitwa Haile Selassie. Miezi nane tu ikapita, na tarehe 16/7/1931 akatoa Katiba, ya kwanza katika inchi. Mwandishi alikuwa Tekle Hawariat, aliyesoma Urusi. Alifuata sana Katiba ya Japani ya 1889.

Sasa tufungue Katiba yenyewe. Inasema mufalme ni wa uzao wa Sulemani na malkia wa Sheba, mwili wake ni mutakatifu, na mamlaka yake haibishwi. Wazee wa Senati aliwachagua yeye mwenyewe. Raia wa kawaida hakupiga kura hata kidogo. Mimi naona iliandikwa zaidi kwa macho ya wageni kuliko kwa mulimaji wa kule milimani.

Na wageni je? Italia ilikuwa na katiba ya 1848, lakini mwaka 1935 ilivamia Ethiopia na kumwanga gazi ya sumu juu ya watu. Mufalme alienda kulia mbele ya S.D.N. mwaka 1936. Hakuna aliyemusaidia. Alirudi Addis Ababa tarehe 5/5/1941.

Mwaka 1955 alitoa Katiba ingine, na 1957 raia wakachagua wabunge mara ya kwanza. (Askari wake walifika hata kwetu Congo mwaka 1960, pamoja na ONU.) Lakini mawaziri waliwekwa na kuondolewa na yeye peke yake. Njaa ya Wollo, 1973, iliua watu wengi sana, serkali ikaificha, na Bunge halikuwa na nguvu ya kumufukuza waziri hata mumoja.

Tarehe 12/9/1974 askari walimutoa katika jumba lake, wakamupakia mu gari ndogo ya Volkswagen. Siku ile ile wakasimamisha Katiba. Alikufa mikononi mwao tarehe 27/8/1975, na alizikwa kanisani mwaka 2000 tu.