Kardinali Rugambwa, mtoto wa Kamachumu, na karatasi ya kura



Vijana wenzangu, juzi kwenye jumuiya mwenzetu mmoja alisema kura si mambo ya kanisani, Mkristo asali tu yatosha. Nikamkumbuka mzee wetu Laurean Kardinali Rugambwa.

Alizaliwa 12 Julai 1912 kule Bukongo, Kamachumu, leo wilaya ya Muleba, katika ukoo wa kiungwana. Si unajua Buhaya ya zamani: utawala ulirithiwa, Omukama hakupigiwa kura. Na juu ya Bakama wakakaa wakoloni, ambao nao hakuna aliyewachagua. Laurean alibatizwa 1921 pamoja na wazazi wake, akasoma seminari ya Rubya, halafu Katigondo, Uganda. Akapewa upadre 1943. Akaenda Roma kusomea sheria za Kanisa, na 1952 akawekwa wakfu kuwa askofu palepale nyumbani, Rutabo.

Sasa angalia miaka yake ya uaskofu. Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, 1958 na 1959, haukuwa wa kila mtu: ulitakiwa uwe na kipato fulani, au elimu, au cheo. Mama wa Muleba anayepalilia migomba yake, kura angeitoa wapi? Machi 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya Rugambwa kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu. Mwaka uliofuata tukapata uhuru, na 1962 watu wazima wote wakaruhusiwa kumchagua Rais. Yaani waamini wake wengi walishika karatasi ya kura kwa mara ya kwanza yeye akiwa askofu wao Bukoba.

Halafu Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Rugambwa alikuwa mmoja wa mababa wa Mtaguso. Septemba 1965 huku nyumbani watu walipiga kura kwa alama za jembe na nyumba. Desemba, kule Roma, ikatoka hati ya Gaudium et Spes. Fungua namba 75 mwenyewe: raia wote wakumbuke kwamba kupiga kura kwa uhuru, kwa faida ya wote, ni haki yao na pia ni wajibu. Kumbe! Hiyo si ya chama chochote, ni mafundisho ya Kanisa. (Nami niliisoma nikiwa nimeshaacha kujiandikisha mara moja, kisa foleni.)

Na mzee mwenyewe alikuwa mpiga kura. Mara tatu aliingia konklave, mara moja 1963 na mara mbili 1978, akaandika jina kwenye karatasi, akaikunja. Alimpigia nani? Siri yake.

Alifariki 8 Desemba 1997, Dar es Salaam, alikokuwa askofu mkuu tangu 1968 hadi 1992. Alipumzishwa kwanza Kashozi, na Oktoba 2012 akahamishiwa kanisa kuu la Bukoba. Ukipita mjini, ingia umsalimie.