Sibawayhi: Kosa la irabu lililomfanya Imamu wa nahau

Tangu karne ya kwanza ya Uislamu wanazuoni wa Kiarabu walitahadharisha sana juu ya lahni, yaani kukosea matamshi au irabu za maneno. Mataifa mengi yalikuwa yameingia katika dini, na ilihofiwa kwamba kwa irabu moja tu maana ya Qur'ani au Hadithi ingeweza kupotoshwa. Ajabu ni kwamba aliyeifanyia lugha hiyo kazi kubwa kuliko wengi hakuwa Mwarabu.

Huyo ni Amr bin Uthman bin Qanbar, maarufu kwa jina la Sibawayhi. Alikuwa Mfursi, mzaliwa wa Baydha karibu na Shiraz, akakulia Basra nchini Iraq katika karne ya 2 Hijria. Katika ujana wake alihudhuria darsa za Hadithi za Sheikh Hammad bin Salama. Inasimuliwa kuwa siku moja, katika Hadithi inayowataja Masahaba na kumvua Abu Dardaa peke yake, alitamka "Abu" baada ya neno "laysa", ilhali neno hilo hapo lina maana ya "isipokuwa" na hulazimu kutamkwa "Aba". Sheikh akamkosoa hadharani. Kijana hakukasirika wala hakuiacha elimu, bali aliazimia kusoma fani ambayo ingemkinga na lahni.

Akaenda kwa Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, mwanachuoni mwenye asili ya Oman aliyeasisi elimu ya arudhi. Aliuliza, akajibiwa, akayaandika hayo pamoja na utafiti wake katika kitabu chenye milango zaidi ya 500. Hakukipa jina, nao wanazuoni wakakiita Al-Kitab tu.

Baadaye alikwenda Baghdad, akajadiliana na Al-Kisai, mmoja wa wasomaji 7 mashuhuri wa Qur'ani, mbele ya Waziri Yahya bin Khalid Al-Barmaki. Waliitofautiana katika sentensi inayomtaja nge na nyigu: je, imalizike kwa "hiya" au "iyyaha"? Mabedui walioitwa kuamua walimuunga mkono Al-Kisai. Sibawayhi akarejea Fursi kwa huzuni, akafariki angali kijana, yapata mwaka 180 Hijria (796 Miladia). Wanazuoni wengi wa nahau waliokuja baadaye waliona kuwa kanuni ilikuwa upande wake, na kitabu chake, kilichoenezwa na mwanafunzi wake Al-Akhfash, kinasomwa hadi leo.

Enyi wazazi na walimu wa madrasa, mtoto anapokosea irabu, tumsahihishe bila kumdhalilisha, naye tumzoeze kupokea sahihisho kwa moyo mkunjufu. Lau Hammad angenyamaza, au Sibawayhi angesusa, umma ungeikosa hazina hii. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Amin.